Mashine ya espresso imefika Geita, kisagio kimebaki wapi?

Geita hakuna anayenunua dhahabu kwa kukisia. Tangu soko la madini la mjini hapo lilipofunguliwa Machi 2019, mzigo wa mchimbaji mdogo hupita juu ya mizani ndogo ya betri inayosoma gramu na pointi, pointi kumi kwa gramu moja, na mtu aliyekesha mwaloni hakubali hata pointi moja ipotelee mezani. Mizani ya aina hiyo ndiyo kifaa ambacho nyumba nyingi zenye mashine ya espresso huku kwetu hazina. Mashine ipo, inang'aa juu ya kabati la jikoni kati ya maikrowevu na blenda. Mizani hakuna, kisagio hakuna, na kahawa iliyomo ndani ya kopo ilisagwa miezi kadhaa iliyopita katika mji mwingine.

Matokeo yake tunayajua. Yanatoka maji meusi ya haraka yenye uchachu wa kukunja uso, au matone machache machungu yanayonuka kuungua. Mwenye nyumba anahangaika kwa wiki mbili tatu, anarudi kwenye kopo lake la Africafe, na kitu kilichonunuliwa kwa bei ya ng'ombe wawili kinageuka pambo la kuonyesha wageni.

Migodi mikubwa ilileta watu wenye mazoea ya kahawa ya mashine: Geita Gold Mine ya AngloGold Ashanti tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001, Buzwagi pale Kahama kuanzia 2009 hadi ilipofungwa 2021. Wahandisi na wanajiolojia wa Kitanzania waliofanya kazi bega kwa bega na Waafrika Kusini, Waghana na Waaustralia waliizoea kahawa hiyo kantini, wakataka kuwa nayo nyumbani. Hilo ni jambo jema. Ninachokipinga ni namna pesa inavyogawanywa: yote kwenye mashine, senti tano kwenye mambo mengine. Kama una shilingi milioni moja na nusu ya kutumia, ningekushauri ukate angalau theluthi yake kwa ajili ya kisagio na mizani kabla hujatazama mashine yoyote. Ushauri huu huwaudhi wauzaji.

Espresso ni kahawa inayokamuliwa kwa mgandamizo. Maji ya moto wa nyuzi 90 hadi 96 yanasukumwa kwa nguvu ya bar 9 kupita katikati ya kahawa laini iliyoshindiliwa ndani ya kichujio cha chuma, na kwa sekunde 25 hadi 30 kinapatikana kikombe kidogo, kizito, chenye tabaka la povu la rangi ya kahawia ambalo Waitaliano huliita krema. Mashine zao za awali zilitegemea mvuke. Angelo Moriondo alisajili yake Turin mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akafuata mwaka 1901, na zote zilitoa kahawa ya haraka isiyo na krema, kwa kuwa mvuke wa boila ulikuwa mbali sana na bar 9. Achille Gaggia aliomba hataza mwaka 1938, baada ya vita akatoa mashine ya mkono na springi iliyofikisha mgandamizo huo, na mwaka 1961, Tanganyika ikipata uhuru wake, kampuni ya Faema ikatoa E61 iliyomwondolea mhudumu kazi ya kuvuta mkono kwa kutumia pampu ya umeme. Mashine za nyumbani za leo ni wajukuu wa pampu hiyo. Ukikuta boksi limeandikwa bar 15, usitishike wala usifurahi: huo ni uwezo wa juu wa pampu, kikombe kinahitaji 9.

Anayeishi ukanda wa dhahabu ana bahati ya kulielewa jambo hili la maji kupita katikati ya kahawa bila kufundishwa na Mwitaliano. Tazama mitambo ya kuchenjua marudio kwa sayanaidi, ile yenye matangi makubwa iliyotapakaa mkoani Geita. Mchanga unajazwa ndani ya tangi, maji yenye dawa yanamwagwa juu, yanashuka taratibu yakiyeyusha dhahabu, yanatokea chini. Mchanga ukiwa wa chenga kubwa, maji yanapita lakini dhahabu inabaki imefungiwa ndani ya punje. Ukiwa na tope laini kupita kiasi, maji yanasimama. Ukijazwa vibaya, maji yanatafuta upenyo mmoja, yanapita hapo hapo, na upande mwingine wa tangi hauguswi kabisa. Kichujio cha espresso ni tangi hilo, lenye upana usiofika sentimita 6, na kazi ya siku nyingi inafanyika kwa nusu dakika. Hakuna mwenye mtambo atakayenunua pampu ya bei mbaya halafu akajaza mchanga asiojua umesagwaje. Jikoni tunafanya hivyo kila siku.

Kisagio kinachofaa ni kile chenye meno mawili ya chuma yanayotazamana, yanayoweza kusogezwa karibu au mbali kwa hatua ndogo ndogo. Kile chenye kisu kinachozunguka, ndugu yake blenda, hutoa vumbi na chenga kwa wakati mmoja: vumbi linaziba, chenga zinaachia maji, na kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Usiende pia kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Kahawa yako itarudi na harufu ya udaga, na anayefuata atasaga mahindi yenye harufu ya kahawa. Kwa nyumba ya watu wawili au watatu, kisagio cha mkono chenye meno ya chuma cha pua kinatosha kabisa. Kinasaga gramu 18 kwa dakika moja au pungufu, hakihitaji umeme, na kwa bei yake kisagio cha umeme chenye ubora sawa hukipati.

Asiye na kisagio ana njia ya kujinusuru. Mashine nyingi za bei nafuu huja na vichujio vya aina mbili: chenye tundu nyingi ndogo chini, na chenye kuta mbili na tundu moja tu la kutokea. Hicho cha kuta mbili hutengeneza mgandamizo chenyewe hata kwa kahawa ya dukani iliyosagwa kwa chenga za wastani. Povu lake ni la kulazimishwa, ladha yake ni ya kawaida, lakini kinanyweka. Anayechukua kahawa ya pakiti na kuiweka kwenye kichujio cha tundu nyingi hana sababu ya kuilaumu mashine.

Turudi kwenye mizani, maana nina onyo. Mizani ya gramu zenye desimali inapatikana Geita na Kahama kirahisi, kwa sababu iliyo wazi. Nunua mpya. Mizani iliyokaa kwenye ofisi ya mnunuzi wa dhahabu imebeba madonge yaliyokamatwa kwa zebaki, na zebaki haifutiki kwa kitambaa. Haina nafasi jikoni hata ukipewa bure.

Kuhusu kahawa yenyewe, huku tumekaa jirani na ghala. Ukitoka Geita kupitia Chato na Biharamulo unaingia Muleba, na kuanzia hapo hadi Bukoba kahawa imesimama kwenye vivuli vya migomba nyuma ya nyumba za watu. Nyingi ni robusta, ambayo Wahaya waliifahamu vizazi vingi kabla ya mkoloni. Waliichemsha mbichi na majani yenye harufu, wakaikausha, wakampa mgeni atafune. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uchachu kidogo, na inatoa krema nene. Kwa sababu hizo Waitaliano, ambao ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, huichanganya kwenye espresso yao, hasa wale wa kusini. Kwa hiyo mtu wa Kahama anayenunua pakiti ya Kiitaliano kwenye supamaketi ya Mwanza huenda ananunua punje za Kagera zilizokwenda Ulaya na kurudi, zikiwa zimechakaa njiani na kuongezwa bei.

Mimi napenda mchanganyiko: theluthi moja robusta ya Kagera, theluthi mbili arabika ya Mbinga, Mbozi au Tarime, iliyokaangwa kati na kati kuelekea nyeusi. Wapo watakaosema robusta ni kahawa ya kijiweni isiyostahili mashine. Wanaikariri dharau ya wafanyabiashara wa nje waliozoea kuinunua kwa bei ya chini. Robusta iliyochumwa ikiwa nyekundu, ikakaushwa juu ya kichanja badala ya udongoni na ikakaangwa na mtu makini haina haja ya kuombewa radhi. Iliyochumwa mbichi na kuanikwa chini itanuka gunia, na hapo hata mashine ya Milano haitakusaidia.

Kitu cha kutazama kwenye pakiti ni tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haisaidii kitu. Kahawa iliyotoka kwenye kikaango leo imejaa gesi ya kaboni dioksidi, na ukiikamua kesho itatoa povu la kububujika lisilo na ladha. Iache wiki moja hadi siku kumi, kisha itumie ndani ya mwezi mmoja na kidogo. Joto la Shinyanga linaharakisha kuchakaa kwake, hivyo ifunge vizuri na iweke kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha. Kwenye friji inavuta unyevu na harufu ya dagaa. Kuipata si shida kama zamani. Wakaangaji wapo Bukoba, Moshi na Arusha, mabasi yanabeba vifurushi, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 mzigo wa Geita unaopitia Mwanza hauna tena sababu ya kulala ukisubiri kivuko.

Maji ndiyo yanayoua mashine huku kwetu, na hapa Shinyanga ina historia mbili. Moja ni ya visima. Maji mengi ya ardhini ya mkoa huu yana chumvi, ni magumu, na baadhi ya maeneo yana floraidi iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Ugumu huo ndio ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la umeme. Ndani ya mashine ya espresso unakaa kwenye boila na mirija myembamba usiyoiona, hadi siku pampu inaponguruma na hakuna kinachotoka. Kuchemsha hakuondoi floraidi, na chujio la kawaida la mkaa haliondoi pia. Maji ya kisima cha namna hiyo yasiingie kwenye mashine, na kama familia inayanywa, espresso si tatizo lao la kwanza.

Historia ya pili ilianza bomba lilipofika. Mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria, unaoanzia kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi na kusimamiwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA, ulizinduliwa 2009 na kuyafikisha maji ya ziwa Kahama na Shinyanga. Maji ya ziwa ni laini kwa asili. Kwa mashine ya espresso ni zawadi: ukoko unajijenga polepole mno. Kasoro yake ni klorini, ambayo pua inaikamata kwenye krema. Yajaze kwenye ndoo safi yenye mfuniko uliolegea, yaache yalale usiku mmoja, au yapitishe kwenye chujio la mkaa. Maji ya mvua kutoka kwenye simtanki yanavutia, maana hayana chumvi kabisa, lakini hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kahawa inahitaji madini kidogo ili ladha itoke, na maji matupu yanatafuna shaba ya boila. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Maji ya chupa nayo hutofautiana. Soma lebo, na yenye kalsiamu nyingi yaache mezani kwa ajili ya kunywa.

Umeme hauna mambo mengi. Kwetu ni volti 230, na plagi ni ya pini tatu za bapa. Mashine iliyotoka Ulaya ina pini mbili za duara na inakubali volti zetu. Iliyobebwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120, na itaungua siku ya kwanza. Mashine ya wati 1,400 inavuta karibu ampia 6, kwa hiyo adapta ya shilingi elfu mbili yenye bati jembamba na ekstensheni inayogawana na friji na pasi haifai. Mwite fundi akubadilishie plagi, aweke yenye fyuzi ya ampia 13, na athibitishe kwamba soketi hiyo ina ethi kweli, maana ni chombo cha chuma chenye maji na moto kwa pamoja. Umeme ukiwa unapanda na kushuka mtaani kwako, ile gadi ya friji itakusaidia mradi uwezo wake unazidi wati za mashine. Inveta ndogo ya sola ya taa na televisheni haitaweza.

Watu wananiuliza sana kuhusu LUKU. Hesabu ni hii: boila ikiwaka moja kwa moja kwa dakika kumi, inakula uniti 0.23, na asubuhi ya kawaida haizidi hapo sana, kwa sababu moto unajizima na kujiwasha. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani haifiki shilingi 100. Anayepaswa kuwa macho ni aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Mashine itamlia kama uniti saba hivi kwa mwezi, na kama pasi na friji tayari zimemfikisha 70, atavuka mstari na bei itapanda.

Siku mashine inapotoka kwenye boksi, osha tangi, lijaze, na pitisha matangi mawili mazima bila kahawa, moja kupitia kichwa cha mashine, jingine kupitia bomba la mvuke. Pampu mwanzoni itapiga kelele kavu, kisha sauti itazama maji yanapoingia. Baada ya hapo, kila asubuhi, iwashe ukiwa umeshaufunga ule mkono wa chuma unaobeba kichujio mahali pake, kisha nenda kaoge. Boila ya chuma inataka robo saa hadi dakika ishirini ili joto lienee mwili mzima, hata kama taa inakuambia tayari baada ya dakika tatu. Zile ndogo zinazochemsha maji papo kwa papo zinawahi, lakini mkono wake unabaki wa baridi. Pitisha maji ya moto matupu mara moja ili mkono huo upate joto pamoja na kikombe.

Pima gramu 18 za punje kama kichujio chako ni cha milimita 58. Cha 51 kinachukua 14 hadi 16. Saga laini kuliko unavyodhani, karibu na chumvi ya mezani iliyotwangwa. Mimina kichujioni, vunja madonge kwa sindano nyembamba ukizungusha hadi chini, sawazisha, kisha shindilia mara moja kwa mkono ulionyooka. Nguvu ya kushindilia haina umuhimu mkubwa, ilimradi uso wa kahawa uwe tambarare. Uso huo ukilala upande, maji yataukimbilia ule upande mwembamba. Weka kikombe juu ya mizani, mizani chini ya mdomo wa mashine, na anza kuhesabu sekunde pampu inapoanza. Simamisha mizani ikisoma gramu 36.

Kama gramu hizo zimefika kwa sekunde 12, kahawa yako ni chenga, sogeza meno ya kisagio karibu. Kama sekunde 50 zimepita na bado inadondoka tone tone, yaachanishe. Kiasi usikibadilishe, joto usilibadilishe, gusa kisagio peke yake mpaka uingie kati ya sekunde 25 na 30. Kuanzia hapo saa inamwachia ulimi kazi. Uchachu mkali unaokata pembeni mwa ulimi unasema kahawa haijatoa vya kutosha: saga laini kidogo zaidi au acha itoke hadi gramu 40. Uchungu mkavu unaobaki kooni unasema imetoa kupita kiasi: fanya kinyume. Robo kilo ya kwanza ihesabu kuwa ada ya shule. Na ukifungua pakiti mpya, hata ya mkaangaji yule yule, utarudi kwenye kisagio kwa vikombe viwili vitatu. Anayeahidi kwamba utaweka mara moja na kusahau hajawahi kuishi na mashine hizi.

Kuna jambo moja la nyanda zetu ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi. Shinyanga mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Geita iko juu zaidi, kwa hiyo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndani ya boila, chini ya mgandamizo, yanaweza kupita hapo, lakini yakitoka tu kwenye kichwa cha mashine yanageuka mvuke kwa kishindo. Basi kabla ya kufunga kahawa, bonyeza maji yatoke kidogo na usikilize. Yakitoa mlio wa kukaanga na kurusha matone, bado ni ya moto mno. Mlio ukikoma na maji yakashuka kimya, yako chini ya nyuzi 96, na hapo funga kahawa haraka. Kwenye mashine za bei nafuu zisizo na kipimajoto, hicho ni kipimajoto cha bure, na aliyeko Dar es Salaam hana chenye usahihi huo, kwa kuwa mlio wake unakoma kwenye 100 au chini kidogo tu.

Tabia hiyo ya nyanda za juu inawafaa pia wasiotaka umeme. Siku hizi kuna vikamulio vya mkono, mashine ndogo za chuma ambazo unamimina maji ya moto na kuyasukuma kwa wenzo hadi bar 9. Birika likitoka jikoni kwenye gesi liko nyuzi 96, likimiminwa linashuka hadi 92 au 93, bila kupima chochote. Hazina pampu ya kuharibika, hazina boila ya kuota ukoko, na umeme ukikatika hazina habari. Hazitoi mvuke wa maziwa, na kwa familia ya watu sita zitakuchosha mkono. Kwa mtu anayeishi peke yake Ushirombo au Masumbwe, mbali na fundi yeyote anayezijua mashine hizi, mimi ningechukua hicho kikamulio na kisagio kizuri, na kwa pesa iliyobaki ningenunua kahawa ya mwaka mzima.

Ama maziwa, Usukumani hatuombi. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa weusi na weupe, na ladha yake ikikutana na robusta ni ya kiungwana. Lakini yachemshe kwanza. Mvuke wa mashine unayafikisha nyuzi 60 hadi 65 kwa muda mfupi, kiasi ambacho hakitoshi kuua vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba vinavyotoka kwa ng'ombe kuja kwa binadamu. Chemsha jioni, toa utando, pozesha kwenye friji, na asubuhi yatumie yakiwa ya baridi kabisa. Tumbukiza ncha ya bomba la mvuke chini kidogo ya uso, sikiliza mlio wa kuchanika karatasi kwa sekunde chache, kisha izamishe na uyaache maziwa yazunguke hadi jagi lisivumilike mkononi. Futa bomba papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Maziwa yaliyokaukia ndani ya tundu yanaoza, na yanaziba.

Usafi mwingine ni mdogo mdogo. Gonga makapi nje, pitisha maji matupu, futa mpira wa kichwa cha mashine kila siku. Kwa anayetumia maji ya ziwa, kuondoa ukoko mara mbili au tatu kwa mwaka kunatosha, kwa ndimu ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kisha matangi mawili ya maji safi. Siki naikataa: harufu yake inakaa kwenye mipira kwa wiki nzima. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kinaleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali, kwa hiyo funika kisagio na mashine kwa kitambaa kila unapomaliza.

Wageni watakugawanyikia makundi mawili. Mzee aliyezoea kijiwe cha kahawa, anayebishana kuhusu timu za Geita Gold na Stand United huku kikombe cha kahawa chungu kikiwa mkononi, hatashangaa udogo wa espresso. Kikombe ni kile kile, uchungu anaujua, atakachouliza ni kashata iko wapi. Mpe kashata, na mpe cha pili. Atakayeshangaa ni yule wa Africafe na maziwa kwenye kikombe kikubwa. Huyo mwongezee maji ya moto juu ya espresso yake, au mtengenezee ya maziwa, na usimhubirie. Pia lazima atakuwepo mmoja wa kusema, "Shemeji, weka na tangawizi." Tangawizi isiingie kwenye kichujio wala kwenye kisagio, kwani nyuzi zake zinaziba tundu na harufu yake haitoki mwezi mzima. Iponde, ichemshe pembeni kwenye maji kidogo au kwenye yale maziwa ya jioni, ichuje, kisha mimina espresso juu yake.